Sekunde Kumi na Nane za Mama wa Matema

Siku yangu ya kwanza maabara, katika hospitali moja ya huku Kyela, sikupewa hata kiti, nilitobolewa mkono. Mkuu wa Maabara alisema, "Wewe mzima, utakuwa kipimo chetu." Kila asubuhi tulipima kwanza damu ya mfanyakazi mwenye afya, ndipo ya wagonjwa wanaomeza warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande. Unatia kitendanishi, kimiminika cha kugandisha damu, unainamisha mrija, unahesabu sekunde mpaka damu igande. Mtu mwenye afya, kumi na mbili.

Biashara ilipofunguliwa, vitendanishi vikaletwa na watu binafsi, leo chapa hii, kesho ile. Kichupa kipya nilikijaribu kwa damu yangu: kumi na mbili. Nikaridhika, mjinga mimi.

Akaja mama mmoja mfinyanzi wa Matema, aliyewahi kuganda damu mguuni. Siku zote alitoa ishirini na tisa. Safari hii, kumi na nane.

"Mama, dawa humezi," Mganga Mfawidhi alimwambia.

"Nameza, daktari. Kila jioni."

"Kipimo hakisemi uongo." Akamwongezea dozi.

Wiki iliyofuata nilisoma karatasi ya ndani ya boksi, kazi niliyopaswa kuifanya mwanzo. Kila kitendanishi kina namba ya ukali wake. Kile kipya kilikuwa kizito kuona dawa: kwa mwenye afya hakitofautiani na cha zamani, kwa mmeza warfarini kinapunguza sekunde. Nilipopiga hesabu kwa namba ile, kumi na nane na ishirini na tisa zikawa kitu kimoja. Mama alikuwa anameza. Na dozi tulikuwa tumeshamwongezea.

Nilimweleza Mganga Mfawidhi. Akasema, "Chukueni gari, mkamlete."

Tulimkuta kwake Matema, ufizi unatoka damu, khanga imelowa. Tulimrudisha, tukasimamisha warfarini, akachomwa vitamini K. Siku ya tatu damu ilikoma. Tangu hapo hatukuandika tena sekunde tupu. Tuliandika hesabu iliyokwisha kusawazishwa.

Vijana wa maabara, leo mashine inawapigia hesabu hiyo. Hata hivyo someni karatasi.

Nimestaafu na mengi yamenitoka. Halijanitoka swali la mama yule wodini: "Kwa hiyo sikudanganya?"

"Hukudanganya, mama."

"Ndaga, asante. Sasa mwite daktari aniambie mwenyewe, mbele ya hawa waliosikia kwamba simezi dawa."

Nilimwita. Akaja, akavua miwani, akamwambia.