Rudisha Mji

Ili nipate nauli na viatu vya kwenda kusoma fizikia chuo kikuu, Mlimani, baba aliuza maksai wake wawili. Msimu ule akalima kwa jembe la mkono. Kwa hiyo niliporudi Ushirombo likizo ya kwanza, aliwaita majirani shikome, pale motoni uani wanaume wanapoota na kuzungumza jioni, waje wasikie maksai wamenunua nini.

Ningeeleza habari za pampu ya maji, yangekwisha. Lakini mimi na kiherehere changu, nikataka makubwa. Nikawaambia kwamba ulimwengu ulipoanza, kila chembe ilizaliwa na pacha wake wa kinyume, na pacha hao wakikutana wanamalizana, unabaki mwanga tu. Walikuwa sawa kwa sawa. Basi haikupaswa kubaki kitu, si ng'ombe, si sisi.

"Sasa mbona tupo?" nikauliza kwa madaha.

Wakadhani nimetega kitendawili. Pale motoni mtu akiuliza hivyo, ametega. Mmoja akasema pacha mmoja alichelewa njiani. Mwingine akasema mmoja alinyonya zaidi. Baba alichekelea tu kuona wanashindwa na mwanawe. Mwishowe wakakubali kushindwa, na anayeshindwa humpa mtegaji mji.

"Haya, chukua Shinyanga yote," akasema jirani mmoja, mtani wa baba. "Tupe jibu."

"Halijulikani," nikasema.

"Halijulikani kwenu wanafunzi?" baba akauliza.

"Hata kwa walimu, baba. Hata Ulaya. Wanajua upande wetu ulizidi kidogo mno. Kwa nini ulizidi, hawajui."

Mtani alicheka mpaka akakohoa. "Maksai wawili wameliwa, eti halijulikani!"

Baba hakucheka. Alitazama moto, kisha akasema polepole, "Mwanangu, rudisha mji."

Nikaurudisha. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, maana aliyeaibika mbele ya wenzake ni yeye, na mimi ndiye niliyemtia aibu hiyo.

Siku ya kuondoka alinibebea sanduku hadi barabarani, viganja vimejaa malengelenge ya jembe. Basi lilipotokea akasema, "Ukilipata jibu, usingoje likizo. Uje, nitawaita tena."

Nimefundisha fizikia mpaka nikastaafu, na jibu bado. Nikienda kaburini kwake nasema shikamoo baba, nang'oa majani harakaharaka, naondoka. Naogopa nikikawia ataniuliza.