Polenta ya Kambini

Miaka ile ya mkataba wa amani, Juba ilipojaa mahema na jenereta, ulifunguliwa mkahawa wa Kitaliano wenye vitambaa vyeupe mezani. Jioni moja meza iliyo jirani na yangu ilikaliwa na mzee aliyevaa tai, pamoja na mkewe; wote wawili ndiyo kwanza walikuwa wamerudi kutoka kambi ya wakimbizi Uganda.

"Leo utakula kitu hujawahi ona," mzee alimwahidi, akimwonyesha weita neno moja kwenye menyu: polenta. Hata mimi nililiogopa kidogo neno hilo.

Sahani zikaja. Katikati palikuwa na kipande cha njano, na mchuzi kiduchu pembeni. Mama alikitazama, akamega kwa vidole, akafinyanga tonge, akalibonyeza kwa dole gumba. Akaonja.

"Baba, hii si posho? Ule ugali wa njano wa msaada?"

Mzee alimgeukia weita. "Ndugu, hii iko nini?"

"Polenta, mzee. Ni unga wa mahindi."

Mzee akalegeza tai. "Kumbe miaka yote kule kambini mimi iko nakula chakula ya Wataliano, na hakuna mtu ananiambia!"

Mama alicheka hadi akajifuta machozi kwa kitambaa cha meza, kisha akaomba maharage. Hayakuwepo. Meza zote tukacheka naye.

Wiki hii nimesikia unga wa njano wa msaada unagawiwa tena kambini. Nimekumbuka jioni ile, tulivyoucheka kama watu waliokwisha kuuaga.