Samaki Watatu wa Urefu Mmoja

Nilianza kuvua samaki nikiwa na miaka hamsini na sita, kwa amri ya nesi. Alinipima presha, akatazama namba, akanipima tena, kisha akaniuliza nafanya kazi gani. Nikamwambia ninapanga zamu za madereva wa mabasi pale Stratford, London. Akauliza kama huwa nakasirika kazini. Nikamjibu kwamba mimi sikasiriki hata kidogo, ila watu ni wapumbavu. Akaandika kitu kwenye kompyuta, kisha akaniambia nitafute jambo la kufanya nje, penye hewa, na ikiwezekana pasiwe na watu.

Siku hizo nilikuwa sikaliki. Nikirudi nyumbani Barking nagombana na mlango, na televisheni, na jirani anayeegesha gari mbele ya geti letu. Mke wangu alikuwa ameshajifunza kunisikiliza ninavyovua viatu. Kiatu cha kwanza kikitua kwa kishindo, anahamia jikoni. Binti yetu, aliyezaliwa hapahapa na hujibu Kiingereza hata ukimsalimu Kiswahili, alikuwa akiniambia, "Baba, you need a hobby." Niliona ananitukana.

Kazini nina mwenzangu, Mwingereza wa East London, mtu wa kuvua kila akipata nafasi. Aliposikia habari ya nesi alicheka. "Wewe umetoka Zanzibar," alisema, "unangoja kuambiwa uende kuvua?" Sikumwambia ukweli. Ukweli ni kwamba mimi ni mtoto wa mjini, wa Ng'ambo, baba yangu alikuwa fundi cherahani, na samaki nilimjua akiwa keshaingia kwenye mchuzi. Lakini mtu akishakudhania ufundi, unaona haya kumkatalia. Nikaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeachana na bahari juzi tu.

Kesho yake akaniletea ufito wake wa zamani, wenye kigurudumu cha kukunjia mshipi, na pakiti ya nyungunyungu wa plastiki. Hapo nilishukuru, maana nyungunyungu wa kweli nawaonea kinyaa. Hawa walikuwa laini, urefu wa kiganja, rangi ya chai ya maziwa. Wametiwa chumvi na wananukia kama shamari, nusura niwaonje. Akanionyesha namna ya kupitisha ndoana ndani ya mwili wa nyungunyungu na kuificha ncha yake humohumo. Hafungiwi chubwi, yaani hakuna risasi ya kumzamisha. Unamtupa, unauacha mshipi ulegee, naye anazama taratibu huku akijitikisa kichwa na mkia. Samaki anayetafutwa ni bass, mweupe wa kung'aa, mwenye miba mgongoni, na humchukua nyungunyungu wakati anazama. Mkononi husikii kitu. Unaona tu mshipi unakwenda pembeni.

"Ukishamtupa, usifanye kitu," aliniambia. "Mwache."

Kutofanya kitu hakujawahi kuniingia. Kila Jumamosi nilikwenda ukingo wa Thames, kusini ya Barking, pale maji ya bahari yanapopanda na kushuka, nikamtupa nyungunyungu wangu, na kabla hajafika nusu ya kina nikawa nishamvuta. Nilimvuta kwa sababu nimehisi kitu. Nilimvuta kwa sababu sijahisi kitu. Jumamosi sita zikapita, sikupata hata kiatu kibovu.

Jumamosi ya saba mke wangu aliniuliza, kwa upole wake ule wa kuchoma, kama samaki wa Thames wamegoma. Siku hiyo wakati wa kurudi nilipitia sokoni Barking nikanunua bass wawili kwa muuza samaki. Nilimwambia asiwapare magamba wala asiwatoe matumbo, waonekane wametoka majini. Nikawatia kwenye mfuko wangu wa kuvulia, nikaingia nyumbani nikipiga mluzi.

Mke wangu akawatazama, akanitazama. "Mashaallah," akasema, akawachukua.

Ningeishia hapo, pengine nisingekuwa na la kusimulia. Lakini uongo ulikuwa mtamu, na samaki walikuwa watamu. Wiki iliyofuata nikanunua watatu, na iliyofuata tena. Mara zote mbili binti yangu akawapiga picha wakiwa bado wabichi, wamepangwa kwenye sahani ndefu ya maua ya buluu, akaitia kwenye lile kundi la WhatsApp la familia mbili. Nasema mbili kwa sababu binti alikuwa ameshaposwa. Watu wa upande wa mume ni Wapemba wanaokaa nyuma ya Edgware Road, na sahani hiyo wao ndio walioileta siku ya posa, imejaa halua. Ikabaki jambo moja tu, wazee wakutane kwetu Jumapili ya mwisho wa mwezi kupanga siku ya ndoa.

Baba yake kijana nilikuwa nikimwogopa kidogo. Ni mtu mwembamba, msafi, asiyepandisha sauti. Kabla ya kukimbia nchi alikuwa bwana samaki huko Pemba, yaani ofisa wa serikali wa kupita madikoni, wanakoshushia wavuvi, akikagua samaki na matundu ya nyavu. Hapa London alifanya kazi ofisi ya kugawa nyumba za serikali mpaka akastaafu, na nasikia hata huko hakuna aliyewahi kumwona akipitisha fomu yenye kosa.

Jumatatu ya wiki ile ya kikao nikapata ujumbe wake. "Mkwe, assalaam alaykum. Inshaallah Jumamosi nitafuatana nawe kuvua."

Nilijiona nimesimama mtoni mbele ya bwana samaki, namtupa nyungunyungu wa plastiki kama mtu anayerusha kandambili, naye anajua dakika ileile kwamba mimi ni mwongo. Kesho yake atakuja kwenye kikao akiujua uongo huo, na binti yangu ndiye atakayeulipa. Nikaanza kufanya mazoezi ya kutupa kwenye kijibustani chetu cha nyuma, mpaka ndoana ikanasa shuka la jirani kwenye kamba ya kuanikia.

"Baba, relax," binti yangu akasema dirishani. "He just likes you."

Jumamosi ilikuwa na jua. Mkwe alikuja na koti la suti, chupa ya chai na mkeka mdogo. Nikamtupa nyungunyungu, na kwa hofu niliyokuwa nayo nikamtupa vizuri, akaenda mbali. Mkwe hakutazama hata alikoangukia. Alimimina chai vikombe viwili, akanipa kimoja, kisha akasema:

"Mkwe, nina neno, naomba unistahamilie."

Nikaulaza ufito juu ya jiwe, nikakaa.

Akatoa simu, akanionyesha ile picha ya mwisho. "Hawa ni samaki wako?"

"Ndiyo."

"Na sahani ni ile tuliyoileta sisi."

"Ndiyo, mkwe."

"Mke wangu alinunua mbili. Ya pili iko kwetu." Akatia mkono mfukoni, akatoa futi ya kitambaa kama ile aliyokuwa akiivaa marehemu baba yangu shingoni. "Nimeipima. Ina sentimita arobaini. Samaki wako wameenea ndani, kichwa na mkia, na nafasi imebaki. Sheria ya hapa, bass asiyefika sentimita arobaini na mbili anarudishwa majini. Na si mmoja, mkwe. Ni watatu. Na wiki ya nyuma yake watatu."

Nikamtazama. Sikuelewa mara moja anakokwenda.

"Mimi nimefika nchi hii sina kitu," akaendelea, bado kwa sauti ileile ya chini. "Wamenipokea. Sheria yao siichezei. Na samaki wachanga nimewatetea tangu kijana, nimegombana nao watu wazito kwa ajili yao. Sasa kesho nikae mbele ya wazee, nipange siku ya ndoa na mtu anayevua watoto wa samaki na kuwapiga picha? Nimeshindwa. Nikasema nije nikuulize mwenyewe, kabla sijamwambia mwanangu tungoje kwanza."

Masikio yalinipata moto. Najijua, na nasema kweli, jambo la kwanza lililonijia lilikuwa kumwuliza yeye ni nani hata akapime sahani za watu. Neno lilishafika mdomoni. Kisha nikamkumbuka binti yangu pale dirishani akisema huyu mzee ananipenda tu, nikalimeza. Kumbe wiki nzima nimeogopa nisijulikane kwamba sijui kuvua, na mwenzangu wiki nzima amehuzunika kwamba najua mno. Ilibidi nichague niwe mhalifu au niwe mwongo.

"Mkwe," nikasema, "mimi sijawahi kupata samaki."

Akaishusha simu.

"Tangu nizaliwe. Hata mmoja. Hawa ni wa sokoni, Barking. Wanafugwa, ndiyo maana wote wako sawa."

"Umewanunua?"

"Nimewanunua. Nikamwomba muuzaji asiwapare magamba."

Alikiweka kikombe chini. Akatoa leso, akajifunika uso, na mabega yakaanza kumtikisika. Nikadhani nimemliza mtu mzima. Alipoitoa leso machozi yalikuwa yanamtoka kweli, lakini alikuwa anacheka, tena kicheko cha kukatika mbavu, koti lake la suti likimpanda mpaka shingoni.

"Alhamdulillahi!" akasema. "Mwongo! Mwongo tu!" Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Mkwe wangu, umenitua mzigo. Mimi nilishaanza kufikiri nitasema nini msikitini."

Na mimi nikacheka. Sijui mara ya mwisho nilicheka vile lini. Nilihisi kitu kinaachia kifuani, kama mkanda wa presha wa yule nesi unapotolewa upepo. Nikamwambia kila kitu, habari ya nesi, mwenzangu wa kazini, shuka la jirani. Naye akaniegemea begani akaniambia siri yake. Miaka yote ile ya ubwana samaki hajawahi kuvua hata dagaa. "Nilikuwa napima tu," alisema. "Bahari yenyewe inanitapisha."

Yeye ndiye aliyeuona mshipi kwanza. "Mkwe, uzi wako unakwenda wapi?"

Mshipi ulikuwa unakwenda pembeni, polepole, peke yake. Nilikuwa nimemsahau yule nyungunyungu wa watu muda wote huo. Nikaurukia ufito, nikakunja mshipi, nikajikwaa kwenye chupa ya chai, na majini kikatokea kitu cheupe kinachopiga mkia. Nikamleta mpaka ukingoni. Alikuwa bass, mzima, wa kweli, miba imesimama, mdogo kuliko hata wale wa sokoni. Nilimshika kama mtu aliyepewa mtoto mchanga ambebe.

Mkwe alikuwa ameshapiga magoti, futi mkononi, akiwa na uso wa kijana wa miaka ishirini na tano. Alimpima mara mbili. "Ishirini na sita," akatangaza.

"Arudi?"

"Arudi."

Nilimtoa ndoana, nikamshika ndani ya maji kidogo mpaka akajisukuma mwenyewe akaenda. Hatukumpiga picha. Nilikuwa na furaha mpaka nikaona haya, na mkwe alinipigia makofi.

Nyumbani mke wangu aliuliza, "Leo vipi?" Nikamjibu kwamba leo sikupata. Mkwe akainama akashughulika na kamba za viatu vyake. Nilitaka kumwambia mke wangu yote palepale, lakini kwa mkwe nilisema kwa sababu alinibana, na mke wangu hakunibana. Nikajipa muda mpaka baada ya kikao.

Jumapili wazee walikaa sebuleni, wakasoma Fatiha, wakaulizana kama kuna mwenye la kusema. Mkwe akakohoa. "Mimi nimemchunguza mwenzangu kwa macho yangu," alisema, "na nimeridhika naye kabisa." Hakuongeza neno. Kwa nusu saa siku ya ndoa ikawa imepangwa, na upande wa wanawake kigelegele kikapasua dari.

Mke wangu akaniita mlango wa jikoni nipokee chakula. Alinipa sahani ndefu ya maua ya buluu. Juu yake walilala bass watatu wa kupaka, wa urefu mmoja, tui la nazi limewafunika. Nikabaki nimeishika.

"Muuza samaki anakusalimu," alisema kwa kunong'ona. "Kaniuliza, leo magamba yabaki au ayapare?"

Sikuwa na pa kuuweka uso. "Umejua lini?"

"Siku ile ya kwanza. Samaki wa mtoni atakuwa na barafu kwenye mashavu?"

"Na wiki zote hizi umenyamaza."

Alinirekebishia kola ya kanzu, maana mikono yangu haikuwa na nafasi.

"Samaki nilijua wanatoka sokoni," alisema. "Lakini wewe ulikuwa unatoka mtoni. Viatu ulikuwa unavivua polepole. Haya, peleka sahani, wageni wana njaa."