Wifi Ema na Maneno ya Vipande

Wifi yangu Ema alikuwa mtu wa kuchoka. Sisemi alikuwa mvivu, maana mvivu hana cha kumchosha. Ema alichoka kihalali. Kukipambazuka tu anatoka kwetu Kitandililo kwenda dispensari ya Makambako, anafua mashuka, anachemsha sindano, anawashika watoto wa watu wanaorusha mateke, anapiga deki matapishi. Jioni anarudi na mzigo wa kuni kichwani, kwa sababu kwetu mwanamke akirudi mikono mitupu huonekana alikuwa matembezini. Akifika ananikuta mimi, wifi mtu, nimekaa na mtoto wake mgongoni, na mboga bado ziko bustanini. Namwambia, "Nilikuwa nakusubiri uje uchume mwenyewe, nisije nikakosea." Ananitazama tu. Hata nguvu ya kunijibu hana.

Hiyo ilikuwa miaka ya mwishomwisho ya Mwingereza. Kaka yangu Mika, mume wa Ema, alikuwa kibarua kwenye mashamba ya miwati, ile miti ya magome ya kutengenezea ngozi, upande wa Njombe, na alikuja nyumbani mwisho wa mwezi, akikumbuka. Nyumba ilikuwa ya baba yetu, mzee Enoki, mwinjilisti wa Kilutheri aliyekwisha kustaafu. Ujanani alihubiri Usangu kote, akivuka maji ya mashamba ya mpunga hadi kiunoni. Mama alikuwa ameshatangulia. Tulikuwa baba, Ema, mtoto wao Jeni, na mimi Anyisile niliyerudi kutoka kwa mume, habari ambayo sipendi kuulizwa.

Ema na baba walikuwa hawazungumzi. Hawakuwa na ugomvi, ilikuwa heshima. Nyumbani kwetu mke wa mwana haingii chumba cha baba mkwe, hali naye, hamtazami usoni, na akimsalimu hupiga magoti kule mlangoni. Mambo ya mwili ndiyo kabisa hayatajwi. Ema akiwa na la kumwambia baba ananiambia mimi, nami nalipeleka, na baba akijibu narudi nalo. Nilikuwa posta yao, na posta isiyolipwa.

Sasa, Bwana Nahumu, dresa, yaani mfunga vidonda wa pale dispensari, alimwambia Ema kwamba akitaka kuacha kufua awe nesi mwenye cheti, akafanye mtihani Njombe. Mtihani wenyewe umejaa maneno ya madaktari, marefu mpaka pumzi inakata. Akamfundisha kuyachanachana. Alimwambia neno la daktari halimezwi zima. Lina mwanzo, lina shina, lina mkia, na kila kipande kina maana yake. Ukivijua vipande, hata neno ambalo hujawahi kulisikia utalielewa. "Hepa" ni ini. "Nefro" ni figo. Neno likianza na "dis", kuna kitu kinakwenda vibaya. Likiishia na "itis", mahali fulani pamevimba na panawaka moto. Likiishia na "oma", kuna uvimbe umeota.

Mimi niliona anajitafutia kichaa. Mtu ana ini, si aseme ini? Lakini Ema alishikilia. Alisoma jikoni huku akisonga ugali, kwa sauti, maana akisoma kimoyomoyo usingizi unamchukua. Jiko letu na chumba cha baba vilitenganishwa na ukuta wa udongo uliopasukapasuka, na baba alipenda kukaa upande wa pili ameuegemea, apate joto la moto wetu. Julai ya kwetu si mchezo.

Jioni moja Ema alikwama. "Nefro," alisema. "Nefro. Nefro ni..." Kichwa kikaanza kuinama. Ukutani pakasikika kikohozi, kisha sauti ya baba: "Figo."

Ema alijifunika kanga usoni. Mimi nilicheka mpaka Jeni akaamka mgongoni. Mzee alikuwa amekaa kule wiki zote hizo akiyaokota maneno, kama alivyookota katekisimu alipokuwa kijana. Tangu siku hiyo akawa msaidizi. Ema akisitasita, ukuta unamkumbusha. Baadaye ukawa unamuuliza kabisa: "Mama Jeni, hepa?" Naye anajibu, "Ini, baba," macho kwenye sufuria. Nikaona hii sasa si kuzungumza, ni masomo, na masomo hayavunji heshima ya mtu. Nami posta nikapata likizo.

Ema alianza kuchangamka kidogo. Nilimtania kwamba amepata mwalimu wa bure, ajihadhari asije akaletewa ada. Baba ndiye aliyekuwa anachakaa. Alikuwa akinywa maji machache, akienda nyuma ya nyumba mara kwa mara na kukaa huko, na suruali zake alianza kuzifua mwenyewe. Nilimwuliza kwa nini ananinyang'anya kazi. Akasema anajinyoosha viungo. Mimi nikaona uzee.

Ikaja jioni ambayo hakuuliza kama kawaida. Alisubiri mpaka ugali ulipoiva, ndipo akasema, "Mama Jeni, kipande cha damu ni kipi?"

"Hema, baba."

"Na cha mkojo?"

Neno lile kwa Kiswahili, kutoka kinywani mwa baba mkwe, lilimfanya aniangalie mimi. Akajibu polepole, "Uria."

"Hema," alisema baba. "Uria." Alivitaja kimoja kimoja, kama mtu anayeweka vitu mezani. Kisha akauliza, "Na mtu akiwa navyo hivyo viwili pamoja, tuseme tangu wakati wa kupanda, mnamfanyaje huko dispensari?"

Mwiko ulisimama ndani ya sufuria. Mimi sikuelewa kitu. Ema alielewa yote mara moja. Alitaka kuniita kando anitume kwa baba, nikamwona anabadili mawazo. Akausogelea ukuta, akapiga magoti pale kwenye majivu na kuuliza, "Inauma, baba?"

Upande wa pili baba akasema, "Dis. Uria."

Mpaka leo nikikumbuka napandwa na hasira, na sijui nimkasirikie nani. Tangu wakati wa kupanda mpaka Julai mzee mzima anakojoa damu na anafua suruali zake kwa siri. Kwa Bwana Nahumu hakwenda, kwa kuwa Bwana Nahumu aliimba kwaya ya kanisani kwetu, na ugonjwa wa huko chini watu hawajiulizi mara mbili umetoka wapi. Wangesema mwinjilisti alikuwa na wanawake Usangu. Hakumwambia Mika, kwa kuwa Mika angemwambia Bwana Nahumu. Mimi ni binti yake, angeniambiaje? Katika ukoo mzima alibaki mtu mmoja anayeweza kumsaidia, na huyo ndiye aliyekatazwa hata kumtazama usoni. Kama si vile vipande vya kigeni visivyo na aibu ya mtu yeyote wa kwetu, angekufa na siri yake amejifungia chumbani.

Asubuhi Ema hakwenda kazini. Alimpelekea Mika salamu kwamba baba ana homa, akutane nao Njombe. Akaomba nafasi kwenye lori la magunia, baba akakaa mbele na dereva, yeye akapanda juu ya mzigo na baridi ile. Mimi nilibaki na Jeni. Haya yanayofuata Ema alinieleza tulipokwisha kumaliza matanga ya baba, tukiwa tunapukuchua mahindi, na alinieleza kwa sauti ya mtu anayeomba akalale.

Walimpima siku kadhaa. Mwisho daktari, Mzungu mrefu mwenye haraka, alikuja na msaidizi wake wakasimama kitandani kwa baba. Mika alikuwa kichwani. Ema alisimama huko miguuni, mbali, macho chini, kama inavyompasa. Kwetu mgonjwa haambiwi ugonjwa wake ukiwa mbaya. Wanaambiwa ndugu, nje. Lakini daktari hakuona haja ya kutoka nje. Aliongea na msaidizi wake kwa Kiingereza palepale juu ya blanketi, akijua hakuna anayesikia. Alitaja kibofu, akatikisa kichwa. Kisha akasema neno moja, kasinoma, akaenda kitanda cha pili.

Ema alilisikia likifika mkiani, kwenye "oma". Aliinua macho bila kukusudia, akakuta baba anamtazama yeye, usoni, waziwazi, mara ya kwanza tangu aolewe. Wala baba hakuwa anauliza.

Mika akamgeukia mkewe. "Wewe ndiye unayejua maneno yao. Amesema nini?"

Ema alifungua kinywa. Akisema kweli anamwua baba mkwe mbele ya mwanawe, akisema uongo atauishi na mumewe maisha yake yote.

"Usimsumbue mwenzako, Mika," alisema baba. "Nimesikia mwenyewe. Ni kichocho cha zamani, cha yale maji ya Usangu. Amesema nirudi nyumbani nipumzike."

"Baba, tangu lini unajua Kizungu?"

"Nimefundishwa."

Mika alicheka kwa furaha, akashukuru Mungu, akavaa kofia yake na kwenda barabarani kutafuta lori la kurudi Makambako. Ema alibaki amesimama. Baba akasogeza miguu chini ya blanketi, akampa nafasi. Ema akaketi pembeni ya kitanda cha baba mkwe wake, mbele ya wodi nzima, akalia.

Baba akamwambia afute machozi, Mika asije akamkuta hivyo.