Wapelelezi wa kibanda cha chai

Leo sisi wapelelezi wa chai hapa Lodwar, tunaotatua kesi kwa mdomo tu, tumenyamazishwa.

Mnajua kesi yetu: ile familia ya wafugaji iliyouawa njia ya Kakuma, na wauaji hawajulikani.

Rafiki yangu Wafula, kama kawaida yake: "Mbuzi hawakuguswa. Hao si wezi wa mifugo, ni mtu mwenye kinyongo."

Mzee mmoja akaweka kikombe chini.
"Mbuzi siku hiyo walikuwa kwangu, nikiwatafutia majani. Yule baba alikuwa ndugu yangu."

Mngesema nini hapo?

Wafula, na mdomo wote ule, akasogea ampishe kwenye benchi. "Pole, mzee."

"Endeleeni tu. Nyumbani hakuna anayemtaja tena."

Tukamuuliza huyo ndugu yake alikuwa mtu wa namna gani.

Akacheka, akamnyooshea Wafula kidole. "Alikuwa anaongea kama huyu."

Chai ikapoa tukimsikiliza. Habari ya wauaji hakuna aliyeirudia.