Nilivyotafuta Mtu wa Kuninyima Kazi

Nilikuwa mfuaji wa nguo katika kambi ya kampuni moja ya madini, ndani kabisa ya msitu wa Walikale. Nilifua shuka za wageni, mapazia ya biro, yaani ofisi, na salopeti, ovaroli za wachimbaji zilizokuwa zimekauka udongo mpaka zinasimama zenyewe. Kazi hiyo sikuipenda. Lakini ilikuwa yangu, na kwa kazi hiyo nililisha wanangu baada ya baba yao kwenda zake.

Vita iliposogea karibu na kambi, walitukusanya wote uwanjani. Shefu wa wafanyakazi, mwanamume mwembamba aliyependa kuongea huku anatazama juu ya vichwa vyetu, akatuambia kampuni inasimama.

"Hatuwafukuze," alisema. "Muko mu shomaji, kazi inasimama kwanza. Mikataba yenu imelala tu. Kila mutu arudiye kwabo, tutamutumia kitu kidogo ku simu mpaka kazi ianze tena."

Watu walipiga makofi. Na mimi nilipiga. Nikikumbuka makofi yale hadi leo najisikia mjinga.

Nilirudi Nyabiondo, kwenye kilima cha marehemu baba yangu, nikaingia katika nyumba ambayo sasa ni ya kaka yangu na mke wake. Kaka alinifungulia chumba. Mke wake alisema mengi. Kila mwezi simu yangu ilipolia kuleta ile posho, aliacha anachokifanya, akanitazama kama mtu anayemwona mwizi akitoka na kuku wake.

"Dada, hiyo kazi ya kulala na kulipwa, banaitafuta wapi?" aliniuliza siku moja mbele ya watoto wangu.

"Uende ufuwe salopeti miaka yote yenye nilifuwa," nikamjibu. "Kisha na weye utalala."

Tulikaa siku kadhaa bila kusalimiana. Lakini posho ilinunua sabuni na mafuta ya nyumba nzima, na yeye alitumia sabuni hiyo bila aibu.

Kisha posho ikakatika. Ulikuja ujumbe mfupi kwenye simu: muda wa msaada umekwisha; anayeomba prolongation afike mwenyewe kwenye biro ya kampuni, Walikale-centre. Prolongation, maana yake kuongezewa muda. Mke wa kaka yangu alipopata habari hakucheka, ila jioni ile aliimba akipika, na hakuwa mtu wa kuimba.

Nilikwenda Walikale. Barabara yenyewe naijua tangu ujana wangu, na sijawahi kuiona mbaya kama mwaka ule. Pikipiki ilinifikisha ilipoweza, kwingine nilitembea. Kila baada ya mwendo kidogo kulikuwa na kamba imefungwa njiani na watu wenye bunduki wamekaa pembeni, wengine na sare, wengine na nusu ya sare. Nilikuwa mikono mitupu, kitenge kimechakaa, viatu vya plastiki. Walinitazama, wakaona hakuna cha kuchukua, nikapita.

Kwenye biro nilikuta wenzangu wa zamani wamepanga foleni: wapishi, walinzi, mafundi. Kila mmoja aliuliza habari za watoto kwa sauti ya mtu anayehofia kwamba mwenzake atapata na yeye atakosa. Mlangoni ilibandikwa tangazo lenye muhuri. Nililisoma kwa sababu hapakuwa na kitu kingine cha kusoma: magari ya kampuni yamekatazwa kupita barabara ya kwenda Masisi, ile ile niliyojia, kwa usalama wa wafanyakazi.

Shefu alikuwa yule yule mwembamba. Hakunialika nikae.

"Mama, unalima?"

"Ninalima."

"Basi uko na kazi."

"Shefu, kulima shamba ya baba yangu njo kazi? Ile ni kula tu."

"Kama unakula, unatafuta nini hapa?"

Waliokuwa nyuma yangu walicheka. Walicheka wao, wenye shida kama yangu, ili yeye aone kwamba wako upande wake.

Akanieleza masharti bila kuinua macho. Posho ya kuongeza ni ya mtu aliyetafuta kazi akakosa. Nimletee karatasi ya patroni, yaani mwajiri, aliyeninyima kazi, imesainiwa. Na nikipewa kazi mahali nikaikataa, basi yamekwisha, nisimsumbue tena.

Nikarudi Nyabiondo kwa barabara ile ile, kutafuta mtu wa kuninyima kazi.

Ungedhani ni jambo rahisi. Maisha yangu yote watu wameninyima kazi bila kuombwa. Katika senta yetu, penye maduka, kulikuwa na mfanyabiashara mmoja mwenye duka kubwa, mtu wa Butembo, Mkatoliki wa kusali kila asubuhi, mwenye msalaba juu ya rafu za chumvi na betri. Yeye peke yake ndiye aliyekuwa na muhuri. Nilimkuta anapima maharagwe.

"Papa, naomba kazi," nikasema.

Aliacha kupima. "Kazi ya kweli, ao ya karatasi?"

Niliangalia rafu zake.

"Mama, wiki hii mumekuja wengi. Wote wa kampuni. Munaingia hapa mu duka yangu, munaniomba nibakatalie. Hata mutu mumoja haulize bei ya chumvi! Mimi niko patroni ao niko mashini ya kukatala batu?"

"Basi unikatalie, niende, nisikuchokeshe."

"Hapana," akasema, na nikaona kwamba amefurahi. "Weye sikukatalie. Nakupa kazi. Leo."

Kazi yenyewe ilikuwa kusindikiza mizigo yake. Pikipiki zilikuwa zinakamatwa kwenye vizuizi, na wanaume waliobeba walilazimishwa kuwabebea wenye bunduki mpaka porini. Kwa hiyo alikuwa anatuma wanawake waibebe mgongoni, chumvi na sabuni, kwenye barabara ile ya Walikale niliyotoka kuipita. Mmoja wao nilimjua, jirani yetu wa bondeni. Alikuwa amerudi bila mzigo, bila kitenge, na tangu arudi alikuwa haongei na mtu, hata na mama yake.

"Papa," nikamwambia, "mwanamuke mwenye alirudi juzi, ulishamuona?"

"Nilimulipia dawa."

"Nakuuliza kama ulimuona."

Alipiga meza, maharagwe yakaruka. Alisema wanawake wa siku hizi wanataka kulipwa kwa kukaa, kwamba watu wake wa Butembo wangekaa vile wasingekuwa na hata kibanda, kwamba yeye hakuileta vita. Mimi nikamwambia hakuileta lakini anaituma migongo yetu iipitie, yeye akibaki na msalaba wake na rafu zake. Wateja walikusanyika mlangoni. Nilisema na mengine ambayo sitayaandika, na siyajutii.

"Unakatala kazi yangu?" akauliza mwisho.

"Nakatala."

"Mbele ya hawa bote?"

"Mbele ya bote."

"Vizuri." Akachukua karatasi, akaandika, akapiga muhuri kwa nguvu kana kwamba anaupiga uso wangu. Aliandika kwamba alinipa kazi ya kusindikiza mizigo mpaka Walikale, na kwamba nimeikataa mimi mwenyewe. Akanipa kwa mikono miwili, kwa heshima ya kejeli.

Mtu mwenye akili angeichana karatasi ile. Mimi niliikunja nikaiweka kifuani, kwa sababu ilikuwa na muhuri na sikuwa na nyingine. Mke wa kaka yangu aliisoma, akaguna. "Umetafuta ya kukusaidia, umeleta ya kukuua," akasema. Kwa mara ya kwanza nilikubaliana naye.

Hata hivyo nilirudi Walikale. Shefu aliisoma karatasi, akatabasamu.

"Mama, ulipewa kazi, ukakatala. Unaona mwenyewe." Akawaita walio nyuma yangu: "Mwenye kufuata!"

"Usiite mwenye kufuata," nikasema. "Ile kazi iko ku barabara gani? Usome."

"Barabara ya Masisi. Na weye ulifika hapa na barabara gani? Uliruka?"

"Nilifika mikono mitupu. Mwenye hana kitu banamuachilia. Mwenye kubeba chumvi ya tajiri, njo ule banapeleka mu pori." Nikageuka, nikaonyesha mlango. "Na ile karatasi yenye mulibandika pale? Gari yenu ya chuma, na shofere, na radio, haiwezi kupita kule, juu ya usalama. Lakini mugongo yangu inaweza?"

Safari hii hakuna aliyecheka. Mpishi mmoja wa zamani nyuma yangu alisema kwa sauti ya chini, "Asome, asome tangazo." Mwingine akasema hivyo hivyo. Shefu alitazama mlango kana kwamba tangazo lilibandikwa na mtu mwingine. Alikuwa amelisaini yeye. Alikaa akichezea kalamu, shingo imevimba. Nilijua haoni huruma. Anachofanya ni kupima kipi kitamletea kelele zaidi, kunipa au kuninyima.

Akasaini.

"Lakini utakuja hapa kila mwezi," alisema. "Weye mwenyewe. Nikuone na macho, nijue haujapata kazi."

"Kwa barabara ile ile?"

"Ni weye ulisema ukiwa mikono mitupu banakuachilia."

Nilitoka na ushindi wangu, na sikuufurahia hata mpaka kona ya kwanza. Alikuwa amenishinda kwa maneno yangu mwenyewe.

Mwezi uliofuata nilikwenda, nikaonekana, nikarudi, posho ikaja. Nilinunua maharagwe ya mbegu na madaftari ya watoto. Mwezi wa baadaye, kabla ya kufika Kashebere, nilikuta kizuizi kipya na vijana ambao sikuwahi kuwaona. Walinitazama kama wengine, wakaona hakuna kitu. Kisha simu ikalia ndani ya kitenge changu. Alikuwa mwanangu wa kwanza, anataka kujua kama nimefika. Waliichukua. Nikaomba wanirudishie hata kadi ya laini peke yake. Mmoja akaniambia nikisema tena, watachukua kingine, na alinionyesha kwa macho ni kitu gani. Nikapita.

Nilifika Walikale, nikaenda moja kwa moja biro. Nilimwambia shefu yote, kwa sababu namba ile ndiyo iliyopokea posho, na bila namba mimi kwake si mtu.

"Kubadilisha namba inaomba karatasi ya polisi," alisema. "Ya polisi ya pale kwenye simu ilipotelea."

"Shefu, haikupotea. Balininyanganya."

"Ya pale kwenye balikunyanganya, basi."

"Polisi ya pale njo bale bale ba kizuizi! Nirudiye kwa mwizi anisainie kama aliniibia?"

"Mama, mimi siko mwenye kutunga sheria."

Hapo nilipiga kelele. Nilimwambia mbele ya foleni nzima kwamba sheria anayoijua yeye ni ile ya kumlinda asiinuke kwenye kiti. Nilimwambia kwamba nilipita njia ile ili macho yake yanione, na kwamba macho yake hayajawahi kuniona, hata nilipokuwa nafua shuka zake zilizojaa jasho lake. Mlinzi, ambaye tulikula chungu kimoja kambini, alinishika mkono akanisukuma nje. Alinisukuma polepole, hilo nalikubali, lakini alinisukuma.

Dosye yangu, faili langu pale biro, wakaifunga. Mwenzangu mmoja aliniambia baadaye kwamba posho iliendelea kwenda kwenye ile namba kwa muda. Kama ni kweli, basi kuna kijana mwenye bunduki huko Kashebere aliyekuwa akipokea ujumbe wa kampuni wa kumshukuru kwa uvumilivu wake. Natumaini simu ilimlipukia mkononi.

Nilipofika nyumbani, mke wa kaka yangu alikuwa anachambua mihogo. Nilimweleza. Nilimngojea aimbe. Aliendelea na kisu chake, akauliza: "Balikugusa?"

"Hapana."

"Ni kweli?"

"Ni kweli."

"Basi simu ni simu." Kisha, kwa ule ukali wake wa kila siku: "Kesho uamuke mapema. Shamba ya ngambo imejaa majani, na mimi sitailima peke yangu nikikulisha."

Kulipokucha tulikwenda. Tulilima bila kuongea, tukagombana kuhusu mahali pa kupanda maharagwe, nikashinda mimi, na yakaota vibaya. Aliniambia hivyo kwa msimu mzima.

Kambi bado imefungwa, na sijui nani atafua wakifungua. Mfanyabiashara wa Butembo bado ana duka lake. Nikipita mbele yake ananiita, "Mama mwenye kukatala!", na wateja wanacheka. Chumvi nanunua kwa mwanamke mmoja wa juu kilimani, karibu na shule, ambaye anauza ghali na ya kwake ina mchanga.