Siku Paka Wetu Alipoposwa

Paka alikuwa wangu. Nalisema mwanzoni kabisa ili asije mtu akanibishia katikati. Mama alirudi naye kutoka sokoni, kamfungia ndani ya furushi la vitenge, kadogo kama soksi, macho hayajafunguka sawasawa. Nani alimnywesha maziwa kwa bomba la sindano? Mimi. Nani aliamka kumfuta mavi? Mimi huyuhuyu. Mama yeye alisema tu, "Akiishi ataishi," akaenda zake kulala.

Aliishi. Akawa dume la kijivu lenye miguu myeupe, na nikamtengenezea mchezo wa simu.

Watu wa Gisenyi walinicheka, kwa nini nisiseme? Mchana nilikuwa mapokezi kwenye hoteli moja ya kando ya ziwa, nawapa wageni funguo na kuwaambia maji ya moto yanakuja sasa hivi. Jioni nafungua kompyuta niliyoinunua kwa mtu, yenye kibonyezo kimoja kilichong'oka, naendelea kumchora paka. Hakuna kampuni iliyonituma. Nilijifunza kwa video, nikikosea na kufuta, miaka miwili. Mchezo wenyewe ni rahisi. Paka anaanzia ufukweni, pale mitumbwi inaposhusha sambaza, dagaa wa ziwa letu, anang'ata samaki wake mmoja, halafu anapanda mapaa ya mabati, anaruka kutoka nyumba hadi nyumba, anakwepa mvua, mbwa na pikipiki, mpaka afike kwenye mlango wa kwao. Akifika anajitupa chini, anageuza tumbo juu, muziki unapigwa, umeshinda.

Mlango wa kwao ulikuwa mlango wetu. Kijani, wa bati, na kutu pale chini maji ya mvua yanapopigia. Niliuchora kwa wiki nzima.

Tatizo lilikuwa lile tumbo. Paka wangu hakuwahi kunigeuzia tumbo. Hata siku moja! Alikula chakula changu, alilala juu ya miguu yangu, lakini ukimgusa tumboni alikukwaruza kama mwizi. Basi nilichora kwa kubuni. Mama akaangalia simu, akaweka miwani, akaangalia tena.

"Huyu amefurahi au amechinjwa?"

Mama alikulia Tanzania, Kiswahili chake kimenyooka, na akikitumia kukuumiza huwa hakosei shabaha. Nilinuna siku mbili.

Nikaamua kumfuata nimwangalie vizuri, nijue mwili wake unavyokwenda asipojua anatazamwa. Kila siku baada ya chakula cha mchana alikuwa anatoweka hadi jioni, nami nilidhani yuko kwenye mambo yake ya kidume. Siku niliyopewa mapumziko kazini nikamfuata. Akapita juu ya ukuta wa mawe meusi, akashuka kwenye kiwanja cha mafundi cherehani, akakatiza kwa fundi wa redio, akaingia kwenye geti la nne kutoka kwetu kana kwamba ndiye analipa kodi pale.

Geti lile lilikuwa la mama mmoja muuza sambaza. Nilimfahamu kwa salamu tu. Nusu ya ukoo wake uko Goma, na Kiswahili chake ni cha huko. Alikuwa amekaa kwenye kigoda uani, miguu kainyoosha juani, kanga imefungwa kiunoni. Paka wangu alifika miguuni pake, akajitupa chini pwaa, akageuza tumbo juu! Miguu minne hewani, kichwa kimelala upande, macho kayafumba. Yule mama akamkuna tumboni kwa vidole vyenye magamba ya samaki, na paka akawa anakoroma mpaka nikamsikia nikiwa getini.

Roho iliniuma, jamani. Nimewahi kuachwa na mwanaume, na haikuuma hivi.

Akaniona. "Ingiya basi, mama. Unasimama apo kama askari juu ya nini?"

"Huyo paka ni wetu," nikasema. Hata shikamoo sikutoa.

"Aa bon? Kumbe iko na kwao!" Akacheka, akamtazama paka. "We muongo. Uliniambia uko yatima." Halafu akaniambia mimi, "Uyu njo bwana yangu ya muchana. Magaribi namurudisha kwa bibi yake mukubwa. Njo we?"

Eti mke mkubwa. Nikaondoka bila kuaga, na paka hata hakugeuza shingo.

Usiku ule nilijifariji kwamba ni samaki. Paka gani atakataa nyumba inayonuka sambaza? Mimi kwetu nampa ugali na mchuzi wa maharage, ana haki ya kwenda kula kwa watu. Kisha ziwa likafungwa, kama linavyofungwa kila mwaka ili samaki wazaane, na yule mama akaanza kuuza nyanya na vitunguu. Nilifurahi, nikasema sasa tutaonana. Nikanunua maziwa. Paka akanywa maziwa yangu yote, akalamba midomo, akapanda ukuta wa mawe meusi. Alikwenda kulala kwenye nyanya. Hapo sikuwa na cha kujidanganya nacho tena.

Na bado nililihitaji lile tumbo kwa ajili ya mchezo. Fikiria fedheha hiyo. Ilibidi nirudi kwa yule mama, safari hii na shikamoo yangu mkononi, nimwombe nikae uani kwake nimchore paka wangu mwenyewe. Hakunikatalia. Alinipa kigoda chake, yeye akakalia ndoo iliyopinduliwa. Nilikwenda kila nilipopata nafasi. Alikuwa akinitania muda wote, "Chora na mashavu yangu," "Bibi mukubwa leo ametabasamu kidogo," nami najibu kwa mkato huku nikichora. Picha zilitoka vizuri kupita zote. Nilizichukia.

Mchezo ulipokamilika nikauweka kwenye duka la programu za simu, na mtaani ukasambaa kwa kuwa ni bure. Saluni wanaucheza, kwenye kijiwe cha pikipiki wanaucheza. Nilikuwa napita huku nimekaza shingo nisionekane natafuta sifa. Dada wa saluni akaniita, kashika simu.

"Ni mzuri, sha! Lakini mwisho umekosea. Huyu paka si anakaa kwa yule mama wa sambaza? Mbona umempeleka kwenu?"

Waliokuwa wanasukwa wote wakaitikia. Mtaa mzima ulijua. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa nadhani paka kwao ni kwetu tu. Nilirudi nyumbani nikifoka, nikamwambia mama kwamba mlango wa mwisho wa mchezo ule ni wetu na utabaki wetu hata waje wazee wa mtaa. Mama akaniuliza kama nimekula.

Haikupita mwezi, yule mama akaja kutuambia anahama. Magoti yalikuwa yamemkataa, beseni la samaki limekuwa zito, na mwanawe anayelima viazi kule Busasamana amemjengea chumba. Akanywa chai ya mama, akaweka kikombe chini.

"Bon. Iko neno moya. Minataka kuya kuomba mutoto wenu."

"Mtoto yupi?" mama akauliza, ingawa alishajua, nilimwona mdomo ukimcheza.

"Ule wa soksi nyeupe."

Mama alicheka mpaka akashika mbavu. Akasema, "Njoo Jumapili, njoo ipasavyo, na kaka yangu atakuwepo." Hivyo tu! Kama anayemkaribisha mtu kwenye kipaimara. Mjomba wangu ni msemaji wa harusi, anaalikwa kutoka Nyakiriba hadi mjini kwa ajili ya ule ulimi wake, na kwetu posa ni mchezo wa maneno. Upande wa binti lazima ukatae kwanza. Binti hayupo, binti kaenda kuwa mtawa, tumeshampa mwingine, mtachukua mdogo wake? Na wanaoposa lazima wasimame palepale, hapana, tunamtaka huyohuyo. Wanapigana maneno hadi watu wachoke kucheka, kisha binti anatolewa na vinywaji vinafunguliwa.

Jumapili nilimfuata mjomba kabla hajakaa. "Mjomba, ukatae kweli. Si kwa mzaha."

Alinitazama kwa huruma. "Mwanangu, umeshamwandalia kiti?"

"Nimemwandalia."

"Na Fanta yake umeipokea getini?"

Niliipokea. Kreti nzima, na nikasema asante, maana nimelelewa.

"Basi umekwisha kumpa. Kukataa kunafanywa kabla mgeni hajapewa kiti. Yanayobaki ni maua tu."

Nimehudhuria posa za binamu zangu wote, nimebeba sinia, nimeimba, najua kabisa kwamba siku hiyo mambo huwa yamekwisha kuamuliwa. Na bado nilimfungulia geti mwenyewe, nikampokea kreti kwa mikono miwili. Paka alikuwa chumbani kwangu, nimefunga kwa ufunguo, analia.

Yule mama alikaa peke yake upande wa wageni. Alivaa kitenge chake cha kanisani na viatu vya kufunga. Hakuwa na msemaji. Mjomba alisimama, akasalimia, akaanza kukataa. Akasema binti wetu huyo kaenda kusoma Ulaya. Yule mama akajibu atangoja. Mjomba akasema binti wetu analala mchana kutwa, hajui kupika. "Mi najua," yule mama akasema, "namuona kila siku." Majirani walioketi ukutani walikuwa hoi. Mama anafuta machozi. Mimi nimesimama mlangoni na ufunguo mfukoni, nimeufinya mpaka meno yake yakanichora kiganja. Nilikuwa namtazama yule mama nikisema moyoni, mwenye kugeuziwa tumbo ni wewe, mtaa wote ni wako, na sasa unachukua na mwili.

Mjomba akafika kwenye ile ya mwisho, ya mdogo mtu. Akaniomba simu yangu. Akafungua mchezo, akauinua watu wote waone.

"Mgeni wetu, yule mkubwa hatumtoi. Lakini tuna mdogo wake. Huyu hapa. Hali chakula, haugui, haendi kwa majirani. Utamchukua?"

Watu wakacheka. Jibu linajulikana, hata mtoto analijua. Yule mama akapokea simu. Aliitazama kwa muda mrefu, kidole chake kikimgusagusa paka, paka akaruka bati moja, akaanguka. Kisha akainua macho. Hakumtazama mjomba. Alinitazama mimi, na mkono wangu ule mfukoni.

"Namuchukuwa," akasema. "Ni uyu nilikuya kuomba."

Mjomba, mtu wa harusi zote hizo, akarudi kitini akakaa. Katika posa ukikubali ulichopewa, mambo yamekwisha. Yule mama aliinama, akafungua chupa yake ya Fanta kwa meno, akanywa, na hakuna aliyeweza kumrudisha.

Nilimwekea mchezo kwenye simu yake palepale. Alinipiga begani, "Usilie, bibi mukubwa," na kesho yake akapanda gari la viazi na vigoda vyake.

Kwa hiyo nilishinda. Paka ni wangu, hana pengine pa kwenda. Na kila mchana anapanda ukuta wa mawe meusi, anashuka kwa cherehani, anakatiza kwa fundi wa redio, anakwenda kukaa mbele ya geti lililofungwa kwa kufuli. Jioni natoka kazini na sare yangu ya hoteli, napita kumchukua. Ananikwaruza njia nzima.

Siku moja nikiwa nimechuchumaa pale getini, namvuta naye kakaza kucha kwenye bati, simu ikalia. Ujumbe wa sauti kutoka Busasamana, upepo unavuma nyuma.

"Bonjour, mama. Paka yako iko inanichokesha, mvua ya mule ndani ni mingi! Lakini nimejua sasa. Kila siku namufikisha kwenu, na leo tena nimemufikisha. Donc, minauliza tu. Anafika, analala chini pa mulango, anangoya. Ule mulango haufunguke. Mbona hapana mutu anatoka kumupokea?"

Nilimwachia paka akakaa. Niliufungua mchezo palepale chini, nikaucheza hadi mwisho, kitu ambacho sikuwa nimekifanya tangu nilipoumaliza. Mlango wetu ulikuwa pale, kijani, na kutu yake yote. Katika miaka ile miwili sikuwa nimeuchora ukiwa wazi.